Hivi ni kweli Mwingereza alimpiga Mchina ili amuuzie madawa ya kulevya?

MuuzaVyombo_Majengo

Habari za jioni wadau. Mi ni muuza vyombo hapa Majengo sokoni Dodoma, chupa za chai, masufuria, vikombe, hotpoti, yaani dukani kwangu kitu ambacho hakijatoka China labda ni mimi mwenyewe na kiti. Sasa jana jioni tumekaa kijiweni kwenye kahawa, kuna mzee mmoja pale ndo msemaji wetu wa siku zote, akanitazama akasema wewe kijana unauza chupa za Mchina lakini hujui Mwingereza na Mchina walishapigana vita kisa majani ya chai. Nikamwambia mzee wangu shikamoo ila hapo umechemka, mi nilisikia ile vita ilikuwa ya madawa ya kulevya, Mwingereza alikuwa anaingiza unga kwa Mchina, wenye nchi wakakataa, akawapiga mizinga. Kijiwe chote kikacheka, eti serikali ya malkia ipigane kwa ajili ya wauza unga, unatuchezea.

Basi tumewekeana dau, kahawa vikombe vitano na kashata zake, Jumamosi hukumu inasomwa. Nimejaribu kugugo nikakutana na Kiingereza kirefu nikaishia njiani. Naombeni mwenye kujua anieleweshe kama anamweleza mtu wa duka, nani alimuuzia nani nini, hela ilitoka mfuko gani ikaenda mfuko gani, na ilikuaje biashara ya majani ikaishia kwenye meli za vita. Na kama mzee yuko sahihi semeni tu, nitalipa.

BodaNkuhungu

Lipa kahawa mkuu usisumbue watu. Chai ndo ilianza, hata sisi bila chai asubuhi pikipiki haiwaki.

MwalimuMstaafu_Mvumi

Marahaba kijana. Najua shikamoo haikuwa yangu ila kwa kuwa mwenzangu hakuijibu mi nimeipokea.

Ngoja nianzie nyumbani utaelewa haraka. Misafara ya zamani kutoka pwani kwenda Tabora ilikuwa lazima ikatize Ugogo huku, na Ugogo unaujua, maji ni ya kutafuta. Basi watemi wa Kigogo wakawa wanatoza hongo, nguo, shanga, waya, ndo mnywe maji mpite. Wazungu waliopita huku miaka ya 1850 na 1870 wamelalamika kweli kweli kuhusu hiyo hongo, lakini wafanyeje, mwenye kisima ndo anapanga bei. Na hongo enzi zile haikuwa rushwa kama unavyoisikia leo, ulikuwa ushuru halali wa mwenye nchi.

Sasa Mchina ndo alikuwa mwenye kisima wa dunia, na maji yenyewe ni chai. Miaka ya 1700 hakuna mwingine aliyekuwa anauza chai ya kutosha nje isipokuwa yeye. Waingereza wakaizoea, kwanza matajiri, halafu mpaka mfanyakazi wa kiwandani anakunywa na sukari ya visiwa vya watumwa. Mwaka 1784 serikali yao ikashusha ushuru wa chai kutoka 119% hadi 12.5%, na hawakufanya hivyo kwa huruma, ushuru ulikuwa mkubwa mpaka magendo yakazidi biashara halali. Baada ya hapo chai ikamiminika, na ushuru ulipopandishwa tena miaka ya vita na Napoleon hazina ya London ikawa inaitegemea chai hasa, karibu sehemu moja ya kumi ya mapato ya serikali. Kwa hiyo usifikirie chai kama kinywaji tu, fikiria kama sisi na mafuta ya gari, ikikosekana bajeti inalia.

Tatizo likawa malipo. Mchina alikuwa anamuuliza Mwingereza, umeniletea nini? Kaleta vitambaa vya sufu, sasa Guangzhou ni joto na unyevu, nani avae sufu. Kaleta saa na vichezeo vya chemchemi, maafisa wakafurahia wakanunua kidogo. Mwisho ikawa ni fedha tupu, ile fedha yenyewe ya madini, dola za Kihispania zilizochimbwa Mexico na Potosí. Meli inaenda na masanduku ya fedha inarudi na masanduku ya chai, kila mwaka. Wewe mwenye duka niambie, mteja wako akikuletea keshi kila siku na wewe hununui chochote kwake, nani anaumia?

Na hata kununua kwenyewe kulikuwa na masharti. Kuanzia 1757 Wazungu waliruhusiwa bandari moja tu, Guangzhou, wenyewe walikuwa wanaiita Canton. Hawaruhusiwi kuingia mjini, wamepangiwa nyumba kumi na tatu kando ya mto, hakuna kuleta mke, hakuna kufundishwa Kichina, msimu ukiisha ondokeni kalaleni Macau. Huuzi kwa unayemtaka, kuna kikundi cha wafanyabiashara wenye leseni ya mfalme, mkubwa wao Wazungu walikuwa wanamwita Howqua, anahesabika kati ya matajiri wakubwa kabisa wa dunia ya wakati ule. Mwaka 1793 Mwingereza akamtuma balozi Macartney na zawadi meli nzima, kuomba bandari zaidi. Kukawa na ubishi wa kupiga magoti mpaka paji la uso liguse chini, mzungu akagoma, akapiga goti moja kama kwa mfalme wake. Mfalme Qianlong akamjibu mfalme George III kwa barua, kwa ufupi nchi yangu ina kila kitu, sihitaji vitu vyenu. Kamrudisha hivi hivi.

Nimechoka kutype kwa simu, macho haya ya uzee. Kasumba inakuja baadaye.

MuuzaVyombo_Majengo

Mwalimu shikamoo ya kweli sasa hii. Hapo kwenye keshi nimeelewa sana maana mi ndo niko upande wa Mwingereza, kila mwezi natuma hela Kariakoo, Kariakoo wanatuma Guangzhou hiyo hiyo, na hakuna Mchina aliyewahi kuja kununua ubuyu kwangu. Ila mbona mpaka hapa mzee wa kahawa anashinda? Yote chai tu.

Binti_Irangi

Hashindi bado subiri.

Mi nilisoma historia pale UDOM na hii topiki ilikuwa ninayoipenda kuliko zote kwa hiyo mniache niseme. Mwalimu kasema kasumba, sijui wangapi wameshtuka. Sisi tukisikia kasumba tunawaza kasumba ya kikoloni, mtu kutawaliwa akili. Lakini fungua kamusi, kasumba ni afyuni, ule utomvu wa tunda la mpopi unaolevya. Yaani neno tunalomtukania mtu aliyelewa ukoloni ni jina la bidhaa yenyewe. Nilipoligundua nilikaa nalo siku nzima.

Haya. Kampuni ya Kiingereza, East India Company, wakati huo ilikuwa imeshaikamata Bengal, huko India, na mwaka 1773 ikajipa ukiritimba wa kasumba ya huko. Wakulima wa Bihar na maeneo ya Benares walikuwa wanapewa mkopo wa mwanzo wa msimu, halafu analazimika kuuza kwa Kampuni peke yake kwa bei ya Kampuni. Mkopo huo mtu haumalizi, wakulima wetu wa mikataba wanaujua mchezo. Utomvu unapelekwa ghalani Patna, unafinyangwa madonge kama mpira mdogo, kila donge linavikwa maganda ya petali za maua yake yenyewe, linakaushwa kwenye shelfu ndefu mpaka darini, halafu madonge arobaini kwenye sanduku la mbao za mwembe, ishirini chini ishirini juu. Sanduku moja kilo sitini na kitu. Linapigwa muhuri wa Kampuni, na Wachina waliuamini ule muhuri kama wewe unavyoamini nembo ya chupa orijino.

Sasa angalia ujanja. Kasumba China ilikuwa marufuku, mfalme Yongzheng alishaipiga marufuku 1729 na waliofuata wakakaza. Kampuni ikionekana inaingiza itafukuzwa Guangzhou ikose chai. Kwa hiyo yenyewe inaishia Calcutta, inapiga mnada pale, anayenunua ni mfanyabiashara binafsi. Akishatoka na mzigo Kampuni haimjui. Anaenda nao mpaka kisiwa cha Lintin, nje kidogo ya Guangzhou, kuna meli kuukuu zimetia nanga hapo mwaka mzima ndo stoo. Wachina wa magendo wanakuja usiku na boti nyembamba zenye makasia kibao kila upande, zinaitwa kaa wenda mbio, wanalipa fedha taslimu, wanabeba.

Yule mzungu sasa ana fedha lakini hataki kuibeba baharini. Anaipeleka ofisi ya Kampuni pale pale Guangzhou, anapewa hundi ya kwenda kulipwa London au Calcutta. Kama vile unavyompa wakala keshi Dodoma, mama anatoa Kondoa. Na ile keshi iliyobaki kwa wakala? Kampuni inanunulia chai! Umeona? Fedha ya kasumba ndo inalipa chai, na karatasini Kampuni ni safi kama theluji ya Kilimanjaro.

MuuzaVyombo_Majengo

Aisee. Hii dili kama ya leo kabisa. Kwa hiyo keshi haitoki tena Uingereza.

Binti_Irangi

Haitoki, na kufika miaka ya 1820 ikaanza kutoka China. Mwaka 1820 yaliingia masanduku kama 4,000 na ushee, kufika 1839 yanakaribia 40,000. Kilichoongeza kasi ni kwamba 1834 Kampuni ilipoteza ukiritimba wa biashara ya China, bunge liliuondoa, wakajaa watu binafsi, akina William Jardine na James Matheson. Huyo Jardine alikuwa daktari wa meli, akaona dawa hailipi kama madawa. Na meli zake zilipoanza kupita pwani ya juu zilihitaji mkalimani, akachukuliwa mmisionari Mprusi, Karl Gützlaff, upande mmoja wa meli kasumba inashuka upande wa pili vitabu vya dini vinagawiwa. Siwatanii.

Kilichomuumiza mwananchi wa China ambaye hata havuti ni hiki. Mkulima alikuwa anauza mpunga wake kwa sarafu za shaba, lakini kodi inahesabiwa kwa fedha. Fedha ilivyozidi kutoka nje ikawa adimu, kipimo kimoja cha fedha kilichokuwa sarafu 1,000 za shaba kikapanda mpaka zaidi ya 1,600. Kodi haijapandishwa hata senti na mtu kaongezewa zaidi ya nusu. Wewe unayeangalia dola kila asubuhi kabla ya kupanga bei ya chupa utanielewa.

MkulimaZabibu

Samahani dada naona mnamlilia sana Mchina. Kwani alishikiwa mtutu avute? Mabaharia wake ndo walikuwa wanapiga makasia, maafisa wake wa forodha ndo walikuwa wanakula mlungula waangalie pembeni. Mi nina shamba la zabibu Hombolo, siku ukiona mvinyo unalewesha watu utanishtaki mimi? Halafu Wamarekani nao walikuwemo, walikuwa wanatoa ya Uturuki, mbona hamuwasemi. Kila kitu mkoloni mkoloni.

Binti_Irangi

Wamarekani walikuwemo kweli na maafisa kula walikula sana, hilo sikatai hata kidogo, bila wao lile sanduku lisingetoka Lintin. Na Wachina wenyewe walibishana mbele ya mfalme Daoguang mwaka 1836, kuna afisa alipendekeza wahalalishe watoze ushuru yaishe. Ila kaka zabibu zako serikali ya kijiji haijazipiga marufuku halafu ukaleta manowari. Ngoja mwalimu aje.

MwalimuMstaafu_Mvumi

Nimekuja, nilikuwa namwagilia mchicha.

Mfalme akasikiliza pande zote akachagua kukaza. Akamtuma Lin Zexu, afisa mwenye sifa ya kutokula rushwa, akafika Guangzhou Machi 1839. Kwanza akawashughulikia Wachina wenyewe, kukamata wauzaji na kukusanya viko vya kuvutia. Kisha akawageukia Wazungu, leteni kasumba yote. Wakaleta kidogo kama geresha. Akazifunga zile nyumba kumi na tatu, wapishi na vibarua wote tokeni, Wazungu wakabaki humo kama wiki sita wanajipikia na kujifulia. Akaandika na barua kwa malkia Victoria, kumuuliza kama mgeni angepeleka kasumba Uingereza na kuwashawishi watu wako wavute, wewe ungefurahi?

Sasa hapa pana jambo ambalo watu hulipita haraka na ndo kiini cha swali la kijana. Mwakilishi wa serikali ya Uingereza pale alikuwa Charles Elliot, binafsi hakuipenda biashara hiyo. Akawaambia wafanyabiashara nikabidhini mimi kasumba yote, kwa jina la malkia, mtalipwa. Wakakabidhi haraka sana na ungekuwa wewe je, soko limekufa, bei imeshuka, halafu anatokea mtu anasema serikali itanunua yote! Masanduku 20,283. Elliot akampa Lin. Saa ile ile deni la wauza kasumba likageuka deni la malkia. London hela ya kulipa haikuwepo wala bunge lisingekubali kirahisi, kwa hiyo nani alipe? Alipe Mchina.

Lin aliiharibu kasumba hiyo pale Humen, karibu na Guangzhou, Juni 1839. Hakuichoma moto, maana kasumba ikichomwa inanywea ardhini watu wanachimbua. Akachimbisha mabwawa matatu yaliyosakafiwa mawe, wakaweka maji na chumvi, madonge yanakatwakatwa yanatupwa ndani yalowe, kisha chokaa, bwawa linachemka lenyewe moshi unafuka, vibarua wamesimama juu ya mbao wanakoroga kwa majembe na makafi, jioni wanafungua mlango maji yanaelekea baharini wakati wa maji kupwa. Wiki tatu na zaidi kazi ni hiyo. Na kabla ya kuanza Lin alitoa sadaka kwa mungu wa bahari, akiomba viumbe wa majini wasogee kando kwa muda wasidhurike. Mi hapo huwa nampenda.

Aprili 1840 bungeni London wakabishana siku tatu. Kijana Gladstone, alikuja kuwa waziri mkuu baadaye, alisema hajui vita yenye dhuluma kuliko hiyo. Serikali ikapona kwa kura 271 kwa 262. Kura tisa tu. Kwa hiyo kijiwe chenu kinachocheka kwamba serikali ya malkia haiwezi, hata bunge lao lilikaribia kugawanyika nusu kwa nusu.

Vita yenyewe sina la kusimulia sana. Waingereza walikuja na meli ya chuma ya mvuke inaitwa Nemesis, kina kifupi, inapanda mtoni hata upepo ukigoma, majahazi ya Kichina yenye mizinga ya kizamani hayakuwa na la kufanya. Wakaukata mfereji unaopeleka chakula kaskazini, Agosti 1842 Mchina akasaini mkataba wa Nanjing, ndani ya meli ya Kiingereza. Dola milioni 21, humo milioni 6 fidia ya kasumba, milioni 3 madeni ya wafanyabiashara, 12 gharama za kupigwa, yaani umepigwa na fimbo unailipia. Kisiwa cha Hong Kong kikaenda. Bandari tano zikafunguliwa, Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai, na ule utaratibu wa akina Howqua ukafutwa.

Lakini soma mkataba wote, kasumba kuhalalishwa haimo. Waliiacha hivyo hivyo, marufuku kwenye karatasi na inaingia mlangoni. Ilihalalishwa 1858, katikati ya vita ya pili, ile iliyoanza 1856, Mfaransa naye akiwemo, mpaka mwaka 1860 wakachoma kasri la mfalme la Yuanmingyuan kwa amri ya Lord Elgin.

BodaNkuhungu

Milioni 6 fidia ya unga 😂😂 mwalimu mi nimehama upande. Mwenye duka usilipe.

MkulimaZabibu

Hapo kwenye kulipia fimbo nimekaa kimya. Ila bado nasema maafisa walikula.

FundiSaa_Makole

Niongeze kidogo kuhusu chai maana hamjaimaliza. Mwingereza pamoja na kushinda aliona upuuzi kuendelea kununua. Mwaka 1848 Kampuni ikamtuma mtaalamu wa mimea Mskoti, Robert Fortune, akanyoa kichwa akafunga mkia wa nywele, akavaa Kichina akaingia maeneo ya ndani yaliyokatazwa kwa wageni, akatoka na miche na mbegu maelfu ndani ya masanduku ya vioo, pamoja na mafundi wa chai. Vikaenda India. Huko Assam chai ya asili ilikuwepo tayari, wakapanua, na kufika mwisho wa karne Waingereza wanakunywa ya India na Ceylon kuliko ya China. Ndo maana na huku kwetu Mufindi na Rungwe mashamba yalianzishwa na Wazungu, hakuna Mchina aliyehusika. Ila jina bado lake, chai inatokana na cha ya Kichina, wakati Waingereza wao walichukua te ya watu wa Xiamen. Kasumba ya India kwenda China ilikuja kupunguzwa kwa makubaliano kuanzia 1907, na Hong Kong imerudishwa 1997, mi nilikuwa naangalia kwenye tivi ya jirani mvua inanyesha.

MuuzaVyombo_Majengo

Wadau nimerudi na mrejesho wa Jumamosi. Nilikwenda na simu nimeifungua hapa hapa nikawasomea kijiwe kizima kuanzia hongo ya Wagogo, walifurahia sana, wa kumimina kahawa alisahau jiko. Nilivyofika kwenye masanduku 20,283 nikajua nimeshinda. Mzee akanyamaza, akanywa kahawa yake, akaniambia rudi nyuma, rudi kwa mwalimu, soma tena. Nikasoma. Akasema umeona, fedha ilikuwa inatoka kwa ajili ya nini? Nikasema chai. Kasumba waliitafutia nini? Walipie chai. Alivyomaliza kupigana mtu akavaa mkia wa bandia akaiba nini? Kijiwe kizima kikajibu chaaaai.

Nimelipa vikombe vitano. Kashata nimegoma, tumekubaliana ziamuliwe na mwalimu.

MwalimuMstaafu_Mvumi

Kashata nusu kwa nusu. Na huyo mzee mwambie namsalimia, naona tulisoma shule moja.